Jinsi ya kupanga safari ya kukarabati kituo cha anga: mwongozo kamili

Tarehe 11 Februari 1985, kituo cha anga cha Wasovieti, Salyut 7, kilikatika mawasiliano. Hakikuwa na mtu ndani wakati huo. Kilibaki kikiizunguka dunia, chuma cha tani 20 hivi kisichojibu amri, kisichoweza kujielekeza juani, kikipoa siku hadi siku. Juni mwaka huohuo Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh walikifuata, wakakishika, wakakifufua. Miaka 12 kabla yao, Mei 1973, Wamarekani walipata balaa la namna nyingine: kituo chao cha anga, Skylab, kiliwaharibikia wakati wa kuruka, na siku 11 baadaye watu watatu walikuwa njiani kwenda kukitengeneza.

Mwongozo huu umejengwa juu ya safari hizo mbili, pamoja na taratibu za leo za Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS. Utamfaa mwalimu wa fizikia anayetafuta zoezi zito la darasa, kijana anayerusha roketi kwenye kompyuta yake, na yeyote anayetaka kujua jinsi wenye kazi yao wanavyoifikiria. Jambo moja kwanza: karibu kila anayejaribu kupanga safari hii huanza na roketi. Iache. Safari ya ukarabati hupangwa kinyumenyume. Unaanzia siku ya kurudi na siku maji yatakapokwisha, kisha unarudi nyuma mpaka unafika kwenye jukwaa la kurushia. Ukifika hapo utakuta roketi imeshajichagua yenyewe.

Hatua ya 1: Orodhesha kilichoharibika, na usichokijua

Skylab ilirushwa tarehe 14 Mei 1973. Sekunde 63 baada ya kuondoka ardhini, ngao yake ya kuzuia vimondo vidogo, ambayo pia ndiyo ilikuwa iwe kivuli chake, ilifunguka kabla ya wakati ikang'olewa na upepo. Bawa moja la paneli za sola lilipotea. La pili lilibanwa na kipande cha chuma cha ngao ileile, likashindwa kufunguka. Wahandisi waliokuwa chini hawakuona lolote kati ya hayo kwa macho. Walikuwa na namba tu: umeme haba, na joto la ndani likipanda hadi kiasi cha nyuzi 52 za Selsiasi. Kutokana na namba hizo walikisia picha, na kwa sehemu kubwa walipatia.

Fanya kama wao. Chukua karatasi, igawe safu tatu. Ya kwanza andika yanayothibitishwa na vipimo, ya pili unayoyakisia, ya tatu usiyoyajua kabisa. Safu ya tatu ndiyo inayoamua mzigo wa kubeba. Kwa Salyut 7 safu hiyo ilibeba karibu kila kitu. Je, ndani mna hewa? Je, palitokea moto? Je, maji yameganda na kupasua mabomba? Kila swali lazima lipate kifaa chake ndani ya chombo: barakoa kwa ajili ya hewa chafu, mavazi mazito na kofia za sufu kwa ajili ya baridi, tochi kwa ajili ya giza, vipimo vya gesi kwa ajili ya sumu. Swali lisilo na kifaa, tayari umeamua kulibahatisha.

Huku nyinyi mkipanga, watu wa zamu wana kazi ya kukiweka kituo hai. Skylab ikiachwa kulielekea jua ilipata umeme wa kutosha kutoka kwenye paneli ndogo za darubini yake, lakini iliungua. Ikigeuzwa, ilipoa lakini ikafa njaa ya umeme. Kwa siku kumi waongozaji waliiyumbisha katikati ya mabaya hayo mawili, wakitumia gesi ya kujielekeza ambayo ilikuwa imetengwa kwa safari zijazo. Iingize gharama hiyo kwenye mpango wako, maana kila siku ya kuchelewa inalipwa na kituo.

Hatua ya 2: Panga kurudi kabla ya kwenda

Andika mistari mitatu ya kurudi nyuma. Wa kwanza ni kabla ya kufika: chombo kikishindwa kukikuta kituo, mafuta yakifikia kiwango fulani mnageuza, hata kama kituo kiko mbele ya pua zenu. Wa pili ni baada ya kufika: mmekigusa lakini hamkuweza kushikamana nacho. Wa tatu ni baada ya kuingia: ndani hapakaliki. Kila mstari uwe na namba, na namba hiyo iwekwe kabla ya kuruka, vichwa vikiwa vimetulia. Mtu aliyesafiri siku mbili kukifuata kituo hatakubali kwa urahisi kwamba mafuta yamekwisha.

Baada ya hapo, chombo kilichowaleta ndicho boti lenu la kuokolea. Kinabaki kimefungwa kituoni muda wote, viti vyenu vikiwa ndani, na hakuna kazi inayoruhusiwa kuwatenga nacho. Wa ISS walikumbushwa jambo hili Desemba 2022, chombo cha Kirusi cha kubeba watu, Soyuz MS-22, kilipotoboka na kumwaga kipoza joto chake chote angani. Ilibidi Soyuz nyingine, MS-23, irushwe bila mtu mwezi Februari 2023 ili ichukue nafasi yake. Frank Rubio na wenzake wawili, waliotarajia kukaa miezi sita hivi, walirudi nyumbani baada ya siku 371. Jiulize basi: chombo chako kikiharibika kikiwa huko, ni kipi kingine kilicho tayari, na kitafika baada ya siku ngapi? Kama jibu ni hakuna, akiba ya chakula na maji iongezwe, au safari isubiri.

Hatua ya 3: Hesabu ya uhai

Kwa siku moja mtu mmoja hutumia kiasi cha kilo 0.84 za oksijeni, hutoa kiasi cha kilo 1 ya hewa ukaa, hula chakula cha kilo 1.8 hivi pamoja na vifungashio vyake, na huhitaji lita 3 za maji kwa makadirio ya tahadhari.

Tuchukue watu wawili, kazi ya siku 10, akiba ya siku 14. Hizo ni siku 24, yaani siku-mtu 48. Maji ni kilo 144, chakula kilo 86, oksijeni kilo 40. Hewa ukaa itakayotolewa ni kilo 48, na ukiinasa kwa lithiamu haidroksaidi unahitaji zaidi ya kilo moja ya dawa hiyo kwa kila kilo ya gesi. Weka 60 pamoja na makopo yake. Jumla inapita kilo 300 kabla hujaweka bisibisi hata moja. Soyuz iliyojaa watu watatu hubakiwa na nafasi ya mizigo midogo tu.

Wasovieti walilikata fundo hili kwa kung'oa. Kutoka Soyuz T-13, chombo cha Dzhanibekov na Savinykh, waliondoa kiti cha tatu na mitambo ya kutia gati (kushikamana na kituo) kiotomatiki, ambayo haikuwa na maana kwa kituo kilichokufa, nafasi hiyo wakaijaza maji, chakula na mafuta. Hata hivyo maji yaliendelea kuwa ndiyo saa ya safari nzima. Kituo kilikuwa na maji yake, lakini yalikuwa barafu. Kama wasingeweza kuyayeyusha kabla yao wenyewe hawajaishiwa, wangelazimika kurudi.

Kanuni ninayoiona bora kuliko zote katika hatua hii ni kutenganisha mikono na mizigo. Watu wabebe akili zao, zana za saa za kwanza na uhai wa siku chache. Vitu vizito vifuate kwa chombo cha mizigo kisicho na mtu. Chombo cha Progress hubeba kiasi cha tani 2.5. Progress 24 iliruka tarehe 21 Juni 1985, baada ya wale wawili kuthibitisha kwamba kituo kinaweza kuipokea, ikatia gati tarehe 23. Ukiituma mapema inaweza kupotea bure. Ukiituma kwa kuchelewa watu wana kiu. Na usiweke kitu muhimu chote kwenye chombo kimoja cha mizigo. Kati ya Oktoba 2014 na Juni 2015, ISS ilipoteza vyombo vitatu vya aina tatu tofauti, cha Orbital Sciences, cha Urusi na cha SpaceX, na kilichowaokoa ni akiba iliyokuwa stoo.

Hatua ya 4: Nani aende

Wachache kadiri inavyowezekana, na kila mmoja awe na sababu yake. Dzhanibekov alichaguliwa kwa mikono yake: mwaka 1982, otomatiki ya Soyuz T-6 ilipogoma karibu na Salyut 7 hiyohiyo, yeye ndiye aliyeipeleka hadi gatini kwa kuiendesha mwenyewe. Savinykh alikuwa mhandisi aliyejua mifumo ya kituo waya kwa waya. Rubani mmoja, fundi mmoja. Skylab ilikwenda na Charles Conrad aliyekuwa na uzoefu wa mwezini, Paul Weitz, na Joseph Kerwin ambaye ni daktari, kwa kuwa ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ya Wamarekani ya kukaa angani siku 28.

Hatua ya 5: Zana na mazoezi

Zana za angani hazina uchawi. Skylab ilikombolewa kwa mkasi wa kukatia nyaya uliofungwa kwenye fimbo ya mita 7 na kitu, na kwa mwavuli. Mwavuli huo, kazi ya Jack Kinzler wa kituo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichoko Houston, ulikuwa kitambaa cha takriban mita 6.7 kwa 7.3 kilichokunjwa kwenye fimbo za kuchomoka ili kipite katika tundu dogo la vifaa vya sayansi lenye upana wa sentimita 20 hivi. Uzuri wake ni kwamba uliweza kufunguliwa kutoka ndani, bila mtu kutoka nje. Hicho ndicho kigezo cha kuchagulia zana: ile inayokuruhusu kukaa ndani huishinda ile iliyo bora kidogo lakini inakutoa nje.

Kwa kila kifaa uliza maswali haya: kinashikika kwa glavu nene? Kina kamba ya kukifunga ili kisielee kikapotea? Kikigoma, kuna njia ya pili? Wamarekani walibeba vivuli vya aina zaidi ya moja kwa Skylab, na safari iliyofuata iliweka kingine juu ya ule mwavuli.

Mazoezi hufanyika majini, mtu akiwekewa uzito mpaka asizame wala asielee. Bwawa la Houston linalotumika sasa lina urefu wa mita 62, upana wa mita 31 na kina cha mita 12, na ndani yake kuna mfano wa sehemu za ISS kwa ukubwa wake halisi. Kwa kazi ngumu ya nje, kadiria saa 7 hivi za bwawani kwa kila saa moja ya angani. Kwa Skylab hapakuwa na anasa hiyo ya muda. Mwanaanga Rusty Schweickart alijaribu mbinu za ukombozi kwenye bwawa la Huntsville, matokeo yake yakapelekwa kwa waliokuwa wakienda, na baadaye kwa waliokuwa tayari huko juu.

Hatua ya 6: Saa ya kuruka, na mbio za kukikuta kituo

Sasa ndiyo tunaifikia roketi. Duara la njia ya kituo limesimama karibu mahali pamoja angani, na dunia inajizungusha chini yake. Jukwaa lako la kurushia hupita chini ya njia hiyo mara mbili kwa siku tu, na kwa kawaida moja kati ya hizo ndiyo inafaa. Kuruka nje ya wakati huo ni kuingia katika njia iliyopinda tofauti, na kuisahihisha huko juu kunakula mafuta kuliko uliyonayo. Kwa ISS, iliyoinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, nafasi hiyo ni ya papo hapo, na kila siku inakuja mapema zaidi kwa dakika 20 hadi 25, kwa kuwa uvimbe wa dunia kwenye ikweta huisukuma njia ya kituo taratibu kuelekea magharibi.

Ukishafika juu, sheria inayowachanganya wanafunzi wengi ni hii: ukitaka kumfikia aliye mbele yako, shuka. Njia ya chini ni fupi na ya kasi. Tufanye hesabu. Kituo kiko kilomita 400, kinazunguka dunia kwa dakika 92.6. Chombo chako kiko kilomita 200, kinazunguka kwa dakika 88.5. Kila mzunguko unakipunguzia kituo takriban nyuzi 16. Kama siku ya kuruka kituo kiko nyuzi 160 mbele yako, unahitaji mizunguko 10 hivi, yaani karibu saa 15, ndipo upande juu kukifikia. Ukitaka kufika haraka, chagua siku ambayo kituo kiko karibu tu mbele yako wakati jukwaa linapita chini ya njia yake. Soyuz zilikuwa zikichukua siku mbili kufika ISS. Tangu 2013 zimekuwa zikifika kwa saa 6 hivi, na tangu 2020 baadhi zimefika kwa saa 3.

Kwa safari ya ukarabati sipendekezi haraka. Siku mbili zinawapa watu muda wa kuzoea hali ya kutokuwa na uzito, na wengi huumwa na kichefuchefu siku ya kwanza. Mwenda pole hajikwai, na hapa kujikwaa kunatokea kwa kilomita 7.7 kwa sekunde.

Hesabu hizi zote zinadai ujue kituo kiko wapi. Kituo kizima hukueleza chenyewe. Kilichokufa hakisemi, na hewa nyembamba iliyoko huko juu hukivuta chini kwa kiasi kinachobadilika kulingana na shughuli za jua. Salyut 7 ilifuatiliwa kwa rada za ulinzi wa makombora. Weka rada za ardhini kwenye mpango wako kama mshiriki kamili, na uwape zamu ya kupima upya mpaka saa za mwisho kabla ya kuruka.

Kuhusu mawasiliano: leo ISS huongea kupitia setilaiti za kurushia mawimbi, hivyo ukimya ni wa dakika chache. Zamani chombo kiliongea tu kikiwa juu ya kituo cha ardhini, na ndiyo maana Wamarekani walijenga mnyororo wa vituo kuizunguka dunia. Kimojawapo kilikuwa Tunguu, Unguja, kilichozifuatilia safari za Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kabla ya kufungwa mwaka 1964. Ukipanga kwa ajili ya hali mbaya, chukulia kwamba mnyororo huo ndio pekee ulio nao: hatua yoyote ya hatari iangukie ndani ya dakika mnazosikika, au wafanyakazi wapewe ruhusa ya kuamua wenyewe.

Hatua ya 7: Kukaribia

Dzhanibekov na Savinykh walikiona kituo kama nyota kali wakiwa kilomita 10 hivi. Walikuwa na kipima umbali cha leza cha kushika mkononi, kifaa cha kuonea gizani, na dirisha. Kutoka kilomita 3 hivi Dzhanibekov aliendesha kwa mkono huku mwenzake akimsomea umbali na kasi. Mita 200 kutoka kituoni walisimama, wakakichunguza. Waliona paneli za sola zimekaa kombo, hazielekei juani wala haziko sambamba. Walipoona hivyo walijua kabla hawajagusa chochote kwamba ndani hamna umeme hata kidogo.

Panga kituo cha kusimama kama hicho, na zaidi ya kimoja. ISS ina tufe la ulinzi la mita 200 kila upande. Hakuna anayeliingia bila idhini. Kwa kasi, marubani wa shatili, chombo cha Marekani cha zamani chenye mabawa, walikuwa na kipimo rahisi kukumbuka: kwa kila sekunde usisogee zaidi ya sehemu moja ya elfu ya umbali uliobaki. Mita 1,000, mita 1 kwa sekunde. Mita 100, sentimita 10. Shatili iligusa kwa sentimita 3 hivi kwa sekunde, polepole kuliko mlango wa chumba unaosukumwa na mtoto. Panga pia mwanga: kusiwe na jua machoni mwa rubani, na kituo kisizame kivulini katikati ya hatua ya mwisho, kwa sababu mchana wa huko ni wa dakika 45 tu au zaidi kidogo.

Kama kituo kinajizungusha ovyo, rubani hukizunguka mpaka tundu la gati limwelekee. Na kugusa si kushika: Skylab ilimkataa Conrad mara nyingi, kulabu hazikubali kufunga, mpaka wakatoa hewa chomboni, wakavaa suti, wakafungua mtambo wa gati na kuiruka sehemu ya nyaya zake. Utaratibu huo wa mwisho uliokuwa ukurasani ndio uliowaingiza. Uandike wa kwako pia.

Hatua ya 8: Saa ya kwanza ndani

Hapa ndipo mpango mzuri hutofautiana na mbaya. Kabla ya kufungua mlango, fungua vali ndogo na usome mgandamizo wa upande wa pili. Kisha vuta sampuli ya hewa upitishe kwenye vipimo vya gesi. Kwa Skylab hofu ilikuwa kwamba povu la kuzuia joto lililoungua limetoa sumu. Waongozaji waliitoa hewa na kuijaza naitrojeni mara kadhaa kabla watu hawajafika, na hata hivyo watu wakaingia wakiwa na barakoa.

Ndani ya Salyut 7 mlikuwa giza, ukimya na baridi ya chini ya sifuri, kuta zikiwa na barafu nyembamba. Hewa ilivutika. Hatari ilikuwa mahali ambapo mgeni wa kazi hii asingeitazamia: hakuna feni. Pasipo uzito, hewa ya moto haipandi, hivyo pumzi unayoitoa inakaa palepale usoni, na hewa ukaa inajikusanya mpaka kichwa kinauma na akili inakuwa nzito. Utaratibu ukawa hivi: mmoja anafanya kazi, mwingine anamwangalia, na muda wa kukaa humo unapimwa. Kwenye mpango wako, feni ndogo inayojitegemea kwa betri yake iwe kitu cha kwanza kupita mlangoni.

Na nyaya au mirija mnayoipitisha milangoni, iwe na viunganishi vya kufunguka kwa mkono mmoja. Tarehe 25 Juni 1997 chombo cha Progress kiliugonga upande wa kituo cha Mir, sehemu iitwayo Spektr ikatoboka, na mlango wake haukufungika kwa sababu ulijaa nyaya. Alexander Lazutkin na Michael Foale walizing'oa, nyingine wakazikata, huku hewa ikipungua.

Hatua ya 9: Umeme kwanza, maji pili

Utakuwa na orodha ndefu ya ukarabati. Iweke kando. Pasipo umeme hakuna feni, redio, joto wala maji.

Salyut 7 ilikuwa na betri 8. Mbili zilikufa kabisa, 6 zilionekana zinaweza kupona, ila mfumo wa kuchaji wenyewe ulihitaji umeme kidogo ili uanze, na umeme huo haukuwepo. Walifanya kile afanyacho fundi wa gari lililozima barabarani: walipita pembeni ya mfumo, wakaunganisha nyaya za paneli moja kwa moja na betri kwa mikono na kuzifunga kwa utepe, kisha wakatumia injini za Soyuz kukigeuza kituo kizima kielekee jua. Betri zikaanza kupokea chaji. Baadaye wakampata mkosaji: kihisi kilichodanganya kwamba betri zimejaa, kikazikatia chaji kila zilipohitaji kuchajiwa. Kitu kidogo, ambacho kama kungekuwa na mtu kituoni angekigundua mapema.

Ukianza kupasha joto, nenda taratibu. Barafu ikiyeyuka yote kwa pamoja, maji hujaa juu ya mitambo ya umeme. Wale wawili walikausha kuta kwa kila kitambaa walichokipata, nguo zikiwemo, na hawakuthubutu kuwasha mifumo mikubwa kabla ya kukausha. Kwenye orodha ya mizigo ongeza vitambaa vingi. Haviandikwi kwenye vitabu vya uhandisi.

Hatua ya 10: Kazi ya nje

Suti ya Marekani hufanya kazi kwa mgandamizo wa kama theluthi moja ya ule wa usawa wa bahari, ya Kirusi kwa kama asilimia 40. Kutoka hewa ya kawaida kwenda huko ghafla huzusha mapovu ya naitrojeni kwenye damu, ugonjwa uleule wa wapiga mbizi. Kwa hiyo ratibu muda wa kuvuta oksijeni tupu kabla ya kutoka. Hiyo ni sehemu ya siku ya kazi. Nje, panga saa sita na nusu hivi, na akiba juu yake.

Tarehe 7 Juni 1973 Conrad na Kerwin walitoka kuikata chuma iliyolibana bawa la Skylab. Weitz alikuwa ameshajaribu kulivuta kwa ndoana akiwa amesimama mlangoni mwa chombo, Kerwin akimshika miguu, na lilikataa. Tatizo lilikuwa pa kukanyagia: fundi asiye na pa kukanyaga akisukuma nondo, anayesogea ni yeye. Waliufunga mkasi, wakavuta kamba, chuma ikakatika, bawa likafunguka.

Oktoba 2007 paneli ya ISS ilichanika ilipokuwa ikifunguliwa. Paneli ya sola haina swichi. Jua likiipiga ina umeme. Scott Parazynski aliishona kwa vishikizo vilivyotengenezwa palepale kituoni kwa waya na vipande vya alumini, zana zake zikiwa zimezungushiwa utepe wa kuzuia umeme. Jifunze kutoka hapo kuacha waya, utepe na bati za ziada kwenye mzigo hata kama hujui zitafanya nini.

Weka pia sheria ya kukatiza. Tarehe 16 Julai 2013 kofia ya Luca Parmitano ilianza kujaa maji kutoka kwenye mfumo wa kupoza suti, yakamfikia puani, akarudi mlangoni karibu haoni. Tangu hapo kofia zina pedi ya kunyonya maji na mrija wa kupumulia. Mtu akiripoti kitu kisicho cha kawaida ndani ya suti, kazi inaisha. Mjadala ufanyike ndani.

Hatua ya 11: Kupokea mizigo na kukabidhi

Chombo cha mizigo kikifika, hamisha kwanza maji, oksijeni na vipuri vya mfumo uliokaribia kufa, kisha vingine. Kila kitu kiandikwe kimewekwa wapi; kituo kina kuta sita za kuweka vitu na hakuna sakafu, na mfuko uliopotea huko unaweza kupotea kwa miaka. Taka na vifaa vibovu virudishwe ndani ya chombo hichohicho, kiungue kikiingia kwenye hewa ya dunia. Bakiza sampuli za kilichoharibika, zirudi na watu.

Usiwarudishe watu wote kwa pamoja kama unaweza kuepuka. Septemba 1985 Dzhanibekov alirudi duniani na Georgy Grechko aliyekuwa amekuja na Soyuz iliyofuata, huku Savinykh akibaki na wageni wawili, Vladimir Vasyutin na Alexander Volkov. Aliyejua kila waya aliyoiunganisha kwa mkono alikuwepo kuwaonyesha. Panga siku kadhaa za makabidhiano ya namna hiyo, na mpe anayeondoka orodha ya kujaza kabla hajafunga mlango: viungo vyote vya muda, vali zilizoachwa nusu, vihisi visivyoaminika, na kila kitu kilichofungwa kwa utepe.